Uzi Mweupe

Tangu Jumanne maji yalitoka kama kikohozi cha mgonjwa.
Nililenga bunduki kwenye sakafu ya banda la kukamulia
na mavi ya ng'ombe arobaini na sita
yakanitazama, hayakusogea.

Purranque, mwezi wa saba. Siku ya tisa ya mvua.
Lori la maziwa huja kabla hakujapambazuka,
na mkaguzi wa kiwanda ameahidi kurudi Ijumaa
na kalamu yake ileile.

"Imekufa," akasema kaka yangu Eleuterio,
ambaye kwake kila kitu hufa ghafla:
redio, betri, ndoa ya jirani.
"Twende Osorno tukakope nyingine."
Nikamwambia: uliiacha nje usiku wa barafu.
Umeiua wewe, sasa unataka kuizika kwa mkopo.
Hakujibu. Alikwenda kuchochea jiko.

Nilianza na ndoo.
Lita ishirini, saa ya mkononi, pua nimeing'oa:
pampu nzima huijaza kwa dakika moja na nusu.
Dakika ya pili ikapita, ya tatu ikapiga hodi,
ndoo bado inaonyesha ubavu mkavu.
Basi pua haina hatia. Niliifuta, nikaiweka kando.
Ama maji hayafiki,
ama yanafika, kisha yanarudi kinyumenyume yalikotoka.

Nikafungua bomba la kulishia: maji tele.
Nikasuuza chujio: mchanga kidogo, unyoya wa bata.
Nikapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo
nione kama pampu inaiba hewa mahali;
povu lilikaa, halikuvutwa.
Oili kwenye kidirisha chake ilikuwa rangi ya asali,
si ya chai ya maziwa,
rangi inayomfanya fundi anyamaze kwanza, ndipo ataje bei.

Kisha nikaukamata mpira wa maji kwa viganja viwili,
nikafumba macho.
Tu-tu, kimya.
Tu-tu, kimya.
Pistoni tatu humo ndani,
na mojawapo inatwanga maji kwenye kinu.

Nati sita za shaba, spana ya ishirini na mbili.
Vali nikazipanga juu ya gazeti la mwaka jana,
kila moja na springi yake, kofia yake.
Nilizipuliza mojamoja.
Ya kwanza ikazuia pumzi yangu. Ya pili vilevile. Ya tatu.
Ya nne ikaniachia hewa bila aibu.

Kati ya kisahani na kiti chake kulikuwa na uzi mweupe,
urefu wa kope.
Nikautoa kwa sindano ya kushonea magunia.
Nikautambua.
Ni ile tepu ya kuzibia viungo vya bomba,
niliyoizungusha mwenyewe mwezi wa nne,
pale mbele ya chujio ambapo hakuna wa kuikamata,
mizunguko saba badala ya mitatu
kwa kuwa nilitaka kazi ya uhakika.

Si barafu.

Nikarudisha vali. Mipira nikaipaka grisi.
Nati nikazianza kwa vidole, chuma kikafuata.
Ndoo ikajaa kwa sekunde tisini na moja.
Mshale wa geji ukaruka hadi mia na hamsini
na bunduki ikanisukuma bega kama ndama mwenye njaa.
Sakafu ikatokea, ya kijivu;
nilikuwa nimeshaisahau rangi yake.

Eleuterio akaja na kikombe cha chai, mkate wa moto juu yake.
Alizitazama buti zake.
"Nisamehe kwa ile barafu," akasema.
"Nilijua ni mimi."

Uzi ulikuwa mfukoni, umelowa, hauna uzito wowote.
Nilipokea kikombe.
Kelele ya maji ilikuwa kubwa;
mtu angeweza kudhani
sikumsikia.